Mpakato, Siku ya Saba

Sarnai aliituma kutoka Busan, ikafika
siku ambayo Ulan Bator ilikuwa nyuzi thelathini chini ya sifuri
na moshi wa makaa umelalia mapaa.
Sikuifungua mlangoni.
Kichanga kilichotoka baridini hakivuliwi nguo kizingitini.
Niliiacha ndani ya boksi saa nne nzima,
mbali kidogo na jiko, ipate joto la nyumba taratibu.
Mpakato, ndilo jina lake. Basi nikaipakata.

Usiku wa kwanza ilikesha.
Feni ilivuma, ikanyamaza, ikavuma tena,
tumbo likashika joto hadi nikaitoa mapajani.
Jirani yangu Dolgorsuren aligonga ukuta, kisha mlango:
"Hiyo mbovu, Dulmaa. Irudishe kabla risiti haijafifia."
Kaa, nikamwambia, unywe chai ya chumvi.
Inapakua masasisho, inapanga vitu vyake.
Kuzaliwa ni kazi.

Miaka thelathini na moja nilikuwa mkunga wa zamu ya usiku.
Nawajua wazazi wapya, mbio zao koridoni:
anapiga chafya! ana kwikwi!
nyayo zimekuwa zambarau! ngozi inabanduka!
Kawaida, nawaambia. Kawaida. Rudini mkalale.
Neno hilo nililigawa kama vidonge.

Nikatoa daftari langu la wodini.
Saa mbili: betri imegomea asilimia themanini.
Imewekwa hivyo kiwandani, isizeeke upesi. Kawaida.
Saa tano: mlio mwembamba chaja ikichomekwa,
kama mbu aliyefungiwa chupani.
Kawaida, nadhani. Kusikiliza tena kesho.
Nukta moja nyeusi kwenye kioo, kona ya kushoto.
Alama ya kuzaliwa.
Alfajiri: imelala. Nimeigusa mgongo. Sawa.

Siku ya tano kelele ziliisha.
"Unaona, imekua," Dolgorsuren akasema, akaisifu kwa utulivu wake.
Masasisho yalikuwa yamekwisha, nilijua; hakuna cha ajabu.
Hata hivyo kikombe changu kilisimama njiani.

Palikuwa na mtoto, msimu wa baridi wa mwaka themanini na nane,
kitanda cha sita.
Hakulia. Hakusumbua mtu.
Mama yake alijiona ana bahati, wauguzi wakamwita mstaarabu,
na mimi, kwa mkono huu huu, kwenye chati nikaandika: kawaida.
Jina lake silitaji. Nalijua.

Siku ya saba mfuniko haukufunga vizuri.
Upenyo tu, unene wa ukucha.
Kibao cha kidole kilikuwa kimeinuka upande mmoja,
kigumu, hakibonyei.
Nikaiweka mezani, ikayumba.
Haikuwa ya moto. Haikutoa mlio. Kazi zote ilifanya.
Nikaizima, nikachomoa chaja,
nikaifunga kwa skafu na kupanda nayo basi,
nimeishika kama inavyoshikwa yai.

Kijana wa dukani, Temuulen kwa beji yake, hakuinua macho.
"Mpya huwa hivyo, bibi. Utaizoea."
Nikailaza juu ya kioo cha kaunta,
nikaisukuma kwa kidole kimoja.
Ikazunguka kama pia, juu ya tumbo lake.

Hapo akainua macho.
"Betri imevimba," akasema polepole, mikono akairudisha nyuma.
"Ulijuaje? Mbona haipigi hata kelele?"
"Haipigi," nikasema.
Akaenda kumwita mkubwa wake.

Wamenipa nyingine.
Saa saba za usiku sasa, nayo inavuma
kama pasi iliyosahauliwa na mvuke wake,
nuru yake ya chungwa inapepesa juu ya daftari.
Dolgorsuren anagonga ukuta.
Nageukia upande wa pili. Nalala.